KOTI LA PILI



Asubuhi moja ya mwezi wa saba, jua likiwa halijatoka bado, pikipiki moja ilisimama mbele ya mlango wa hospitali. Dereva alikuwa amevaa makoti mawili. Lile la juu alilivaa kwa kuligeuza, vifungo vikiwa mgongoni, kama wafanyavyo madereva wengi ili upepo usipenye kifuani. Alikuwa na kofia ya sufu chini ya kaski, na soksi za mikono. Nyuma yake alikaa mama mzee, na mikononi mwa mama mzee alikuwamo mtoto aliyezaliwa siku nne zilizopita. Mtoto alikuwa amefungwa ndani ya kikwembe kimoja. Mama mzee naye alikuwa na kikwembe kimoja mabegani, na kandambili miguuni.

Walimleta mtoto kwa sababu alikuwa amekataa kunyonya tangu jioni. Tulipompima, kipimo kilionyesha digri 34. Mtoto mchanga anatakiwa kuwa na digri 36 na nusu, wala asipite 37 na nusu. Basi, kabla ya kuushughulikia ugonjwa aliotoka nao nyumbani, tulikuwa na kazi ya kuuondoa ule aliouokota njiani. Ilikuwa kazi ya saa nyingi. Namshukuru Mungu kwamba mtoto yule alipona. Lakini si kila mtoto anayefika namna ile anapona.

Nilimwuliza dereva kama hakuona ya kuwa watu wake wanatetemeka. Akajibu kwa upole, "Kweli, sikujua. Mimi sikusikia baridi."

Hakusema uongo. Angesikiaje, naye ana makoti mawili? Wazee wetu walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Vivyo hivyo, mwenye koti hamjui anayetetemeka nyuma yake.

Tangu siku ile nina neno moja ninalotaka kulisema kwa kila mtu aliye na pikipiki, na kwa kila mtu anayepanda pikipiki ya mwingine. Neno lenyewe ni hili: katika miezi ya baridi, koti la pili ni sehemu ya pikipiki, kama vile breki na taa. Nisemapo koti la pili, sisemi koti la dereva juu ya koti lake. Nasema koti la yule anayekaa nyuma. Tafadhali nisikilize mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe.

BARIDI YETU SI NDOGO

Watu wa mbali hudhani ya kuwa Kongo yote ni nchi ya joto. Sisi tunaokaa Likasi tunajua sivyo. Mji wetu umekaa juu, karibu mita 1,300 kupita bahari. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane mvua hakuna, mawingu hakuna, na usiku joto lote la ardhi hupanda juu na kwenda zake. Saa sita ya mchana utavua triko, lakini alfajiri ya mwezi wa sita au wa saba hewa hushuka chini ya digri 10. Ndiyo saa ile ile ambayo madereva wanatoka Kikula na Panda kutafuta kazi, wachuuzi wanaondoka kwenda kununua mali, na wagonjwa waliokesha kwa maumivu wanaletwa hospitalini.

Sasa uongeze mwendo wa pikipiki. Mwili wa mtu hupasha hewa inayougusa, na hewa ile hukaa juu ya ngozi kama blanketi jembamba lisiloonekana. Upepo huliondoa blanketi lile. Mwili hutengeneza lingine, upepo huliondoa tena. Ndiyo maana tunapuliza uji wa moto ili upoe upesi. Mtu aliye juu ya pikipiki anajipuliza mwenyewe, safari nzima, bila kupumzika.

Watu wenye elimu wamelipima jambo hili. Katika miaka ya 1940, Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, walikuwa Antaktika, nchi ya barafu iliyo kusini kabisa ya dunia. Walitundika nje chombo kidogo cha plastiki chenye maji, wakahesabu maji yale yanaganda kwa muda gani upepo ukiwa mwingi na ukiwa kidogo. Kazi yao ilitangazwa mwaka 1945. Mwaka 2001 Kanada na Marekani zilikubali hesabu mpya iliyo bora zaidi, nayo yatufaa na sisi. Kwa hesabu hiyo, ikiwa hewa ni digri 10, nawe unakwenda kilometa 60 kwa saa, uso wako usiofunikwa hupoa kana kwamba hewa ni digri 5. Ikiwa hewa ni digri 7, hupoa kana kwamba ni digri 1 tu. Digri 1, ndugu yangu! Hiyo ni jirani ya barafu. Na kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 120, yaani saa mbili ndani ya upepo huo.

ANAYETEMBEA NA ANAYEKAA

Wazee wengine huwacheka vijana. Husema, "Sisi zamani, mji huu ulipokuwa ukiitwa Jadotville, tulikwenda kazini Shituru alfajiri kwa miguu au kwa baiskeli, na shati moja tu. Vijana wa leo ni laini."

Kwa heshima yote, wazee wangu, mambo haya mawili hayalingani. Mtu anayetembea anafanya kazi, na misuli inayofanya kazi hutoa joto. Mtu anayekanyaga baiskeli kwenye mlima hutoka jasho hata mwezi wa saba. Lakini mtu wa pikipiki ameketi tu. Injini ndiyo inayofanya kazi, na joto lake ni la injini, si lake yeye. Mwili wake umetulia kama wa mtu aliyekaa kitini, na upepo unaompiga ni mkubwa kuliko ule wa baiskeli mara tatu au nne. Mzee wa baiskeli alikuwa na moto ndani na upepo mdogo nje. Kijana wa pikipiki ana moto mdogo ndani na upepo mkubwa nje. Kwa hiyo kuvaa vizuri si ulaini. Ni kujua unashindana na nini.

KWA NINI ANAYEKAA NYUMA?

Hapa dereva atanijibu, "Lakini mimi ndiye ninayepigwa na upepo. Mwili wangu ni ukuta kwa abiria wangu."

Ni kweli kwa sehemu. Kifua cha abiria hupata kivuli nyuma ya mgongo wa dereva. Lakini magoti yake yako nje, miguu yake iko nje, mikono yake iko nje, na mgongo wake hauna ukuta. Dereva anajua tangu jana ya kuwa leo atakaa juu ya pikipiki, naye amejitengeneza. Abiria ametoka nyumbani mbio. Mara nyingi ametoka kwa sababu ya shida.

Tena, fikiri ni watu gani wanaoletwa na pikipiki alfajiri. Mgonjwa wa homa ambaye nguo zake zimelowa jasho, na nguo iliyolowa huupoza mwili haraka sana. Mama mwenye uchungu wa kuzaa. Mzee ambaye damu yake haikimbii tena kama zamani. Mtu asiyekula tangu siku mbili, naye hana kuni za kuwasha moto wa mwili wake. Mtoto mwembamba. Hao wote wana nguvu ndogo ya kujitia joto kuliko dereva, na hao ndio wanaopanda na kikwembe kimoja.

Joto la mwili wa mtu mzima likishuka chini ya digri 35, tayari ni ugonjwa. Kwanza hutetemeka. Kisha vidole vinakuwa vizito, maneno yanamwangukia mdomoni kama mlevi, naye hujikwaa. Kisha anaacha kutetemeka. Wenzake hufurahi wakidhani amezoea. La! Mtu aliyepoa akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, huyo amezidi kuwa mgonjwa. Anaweza kusinzia na kuanguka kutoka nyuma ya pikipiki, na dereva asijue mpaka amesikia kishindo.

JE, BARIDI HULETA MAGONJWA?

Nataka tuseme kweli. Watu wengi husema upepo wa pikipiki huleta kichomi, na wengine husema huleta malaria. Malaria haitoki katika upepo. Huletwa na mbu. Kichomi huletwa na vijidudu vinavyoingia katika mapafu, na upepo peke yake hauna vijidudu hivyo. Hata hivyo mtu mwenye pumu anaweza kubanwa kifua na hewa ya baridi na vumbi la kiangazi, na mwili uliochoka kwa baridi haupigani vizuri na ugonjwa ulio nao tayari.

Kwa nini nasema haya? Kwa sababu kosa hili huwaumiza watu. Nimeona kijana aliyetetemeka siku tatu nyumbani, akisema, "Ni baridi ya barabarani tu, itapita." Haikuwa baridi ya barabarani. Ilikuwa malaria. Basi shika kanuni hii rahisi: ukishuka katika pikipiki, ukavaa vizuri na kunywa chai ya moto, baridi ya upepo huondoka. Kama umekwisha kupata joto na bado unatetemeka, au kichwa kinauma na mwili ni wa moto, usilaumu upepo. Nenda ukapimwe damu. Na mtoto anayepumua mbio mbio, au ambaye kifua chake kinaingia ndani anapovuta pumzi, aletwe upesi bila kungoja.

MIKONO NDIYO BREKI

Ubaya mkubwa wa baridi kwa dereva mwenyewe si kifua, kama wengi wadhanivyo. Ni mikono. Vidole vikipoa na kushuka chini ya digri 15 hivi, vinapoteza ustadi. Huwezi kufunga kifungo cha shati. Je, utawezaje kushika breki kwa kipimo?

Fanya hesabu nami. Pikipiki inayokwenda kilometa 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa kila sekunde. Kama vidole vyako vilivyokufa ganzi vinachelewa sekunde moja tu, umekwisha kupita mita 17 kabla breki haijaanza kushika. Barabara yetu inayotoka Kolwezi kupita Likasi mpaka Lubumbashi ina malori makubwa ya madini mchana na usiku. Lori halitakungoja upate joto la vidole.

Kwa hiyo, ukisikia vidole havisikii, simama. Shuka. Weka mikono kwapani mwako, tembea huku na huko, ruka ruka mpaka damu irudi. Usiweke mikono wala miguu juu ya bomba la moshi. Ngozi iliyokufa ganzi haijui kuungua, nawe utatambua jioni, utakapoona malengelenge.

NAMNA YA KUJIVIKA

Shika neno hili: nguo nyingi nyembamba ni bora kuliko nguo moja nzito, na ya juu kabisa iwe ile inayozuia upepo.

Ndani vaa shati kavu. Likilowa jasho, libadilishe kabla ya kuondoka. Juu yake vaa triko la sufu. Juu ya triko vaa koti lisilopitisha upepo. Koti la mvua linafaa sana, hata kama mvua hakuna tangu mwezi wa tano. Triko peke yake bila koti ni kama dirisha lenye pazia bila kioo.

Kama huna koti la namna hiyo, weka gazeti au karatasi ya nailoni kifuani kati ya shati na triko. Usione haya. Katika mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, Tour de France, waendeshaji wakifika juu ya mlima walikuwa wakipokea magazeti na kuyaingiza ndani ya shati kabla ya kuteremka. Kama gazeti liliwafaa wao, litatufaa na sisi.

Shingo uifunge kwa kitambaa, lakini ncha zake uziingize ndani ya koti. Kitambaa kinachopepea kinaweza kushikwa na gurudumu au mnyororo. Akina mama, nanyi mwangalie sana kikwembe chenu: kikunjeni na kukikalia, kisining'inie kando ya gurudumu la nyuma. Vikwembe vimekwisha kuwaangusha wengi.

Magoti hupoa upesi, maana yametangulia mbele. Vaa suruali mbili. Miguuni vaa viatu na soksi, wala si kandambili. Soksi zisibane, kwa maana damu isiyopita haipelekei vidole joto.

Mikononi vaa soksi za mikono. Kama ni za sufu, vaa mfuko wa plastiki juu yake, ili upepo usipenye. Madereva wenye akili hukata bidoni kuukuu na kuifunga mbele ya vishikio kama ngao. Ni jambo zuri sana, nalo ni la gharama ndogo. Lakini kabla ya kuondoka ujaribu breki na klachi, uone kwamba hakuna kitu kinachokwama.

Tena usiondoke na tumbo tupu. Bukari ya jana iliyopashwa moto, uji au chai yenye sukari, hivyo ndivyo kuni za mwili.

MARAFIKI WA UONGO

Wako marafiki watatu ambao hujidai kutupa joto, kumbe wanatuibia.

Wa kwanza ni lutuku, na kila kileo. Mtu akinywa, husikia moto kifuani na usoni. Ni kwa sababu pombe hufungua mishipa ya ngozi, na damu ya moto iliyokuwa ndani hutoka nje, kwenye upepo. Anasikia joto katika saa ile ile anayolipoteza. Ni kama mtu anayefungua milango yote ya nyumba ili ajisifu kwamba moto wake unaonekana mpaka barabarani. Tena pombe huchelewesha macho na mikono. Dereva aliyekunywa kidogo kwa ajili ya baridi ni dereva aliyelewa kidogo.

Wa pili ni sigara. Huifunga mishipa midogo ya vidole, na vidole vinazidi kupoa.

Wa tatu ni mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa. Huyu ni mwuaji. Mtu amefika usiku, amepoa, anaingiza mbabula ya makala chumbani, anafunga mlango na dirisha, analala. Makala hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo madaktari huiita monoksidi ya kaboni. Huchukua mahali pa hewa njema katika damu. Kichwa huuma, mtu hutapika, halafu hulala usingizi asioamka. Jipashe moto nje, au mlango na dirisha vikiwa wazi, na kabla ya kulala uitoe mbabula. Fanya hivyo hata kama kuna mtoto mchanga ndani. Hasa kama kuna mtoto mchanga ndani.

JUU YA WATOTO

Sasa nirudi kwa mtoto yule wa mwezi wa saba.

Kama mtoto mchanga hana ugonjwa, msimtoe alfajiri. Ngojeni jua lipande. Mama anayerudi nyumbani baada ya kuzaa hana sababu ya kukimbizana na baridi. Lakini kama mtoto ni mgonjwa, hanyonyi, amelegea au anapumua mbio, msingoje jua. Mleteni, lakini mleteni akiwa na joto.

Njia iliyo bora haihitaji fedha. Mtoto avuliwe nguo, abaki na kitambaa cha haja na kofia na soksi. Alazwe juu ya kifua cha mama kisicho na nguo, ngozi kwa ngozi, na kichwa kigeuzwe upande mmoja. Kisha wafungwe pamoja kwa kikwembe, na juu yao wavae triko, na juu ya triko koti kubwa. Mwili wa mama ni jiko lisilo na moshi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa mji wa Bogotá, katika Kolombia, hawakuwa na vyombo vya kutosha vya kuwatia joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati wao. Daktari Edgar Rey akaanza kuwaweka vifuani mwa mama zao namna hii. Leo njia hii inafundishwa dunia nzima. Kama mama hawezi, baba au nyanya ana kifua vilevile.

Angalieni pua na mdomo wa mtoto viwe wazi wakati wote, na mama amtazame mara kwa mara njiani. Mtoto wa mgongoni hana mtu anayemwona. Na tafadhali, msimkalishe mtoto mbele ya dereva, juu ya tangi. Nawaona kila siku. Mtoto huyo amefanywa kuwa ukuta wa kumkinga mtu mzima na upepo.

Dereva mwenye mtoto mchanga aende polepole. Mwendo ukipungua, upepo nao hupungua.

"LAKINI KOTI NI GHALI"

Nimekwisha kuyasikia majibu ya madereva, wala siyadharau.

Mmoja anasema, "Koti ni ghali, nami natafuta chakula cha siku." Ni kweli kwamba kazi yenu ni ngumu. Lakini sisemi koti jipya. Makoti kuukuu ya ng'ambo yanauzwa sokoni, na liwe kubwa, hata baya, hata limefifia. Hata blanketi kuukuu lililofungwa nyuma kwa mpira litatosha. Na mtu aliyebebwa vizuri siku ya shida hukumbuka namba ya simu ya dereva wake.

Wa pili anasema, "Abiria hataki kuvaa nguo iliyovaliwa na kila mtu." Ana haki. Nguo ya watu wengi inaweza kupitisha upele na chawa. Kwa hiyo koti livaliwe juu ya nguo za abiria mwenyewe, lifuliwe kila juma, na likauke juani. Likitapikiwa au kuingia damu, lisivaliwe tena mpaka limefuliwa. Na abiria ye yote aliye na blanketi lake nyumbani, alilete.

Wa tatu anasema, "Safari ni fupi, ni kutoka Kikula mpaka hospitali tu." Kwa kijana mwenye afya ni fupi, hilo nakubali. Kwa mtoto wa siku nne si fupi. Mwili mdogo hupoa upesi, kama vile kikombe cha chai hupoa kabla ya sufuria.

Wa nne hasemi neno, ila anacheka. Huyo namwachia baridi yenyewe imfundishe. Lakini namwomba isimfundishe kwa mwili wa mtu mwingine.

Nanyi mnaopanda nyuma, lawama isiwe ya dereva peke yake. Hakuna dereva anayekataza abiria kuvaa triko. Mgonjwa akiamka usiku, jamaa wote hutafuta fedha, hutafuta simu, hutafuta kitabu cha hospitali. Mmoja wenu apewe kazi ya kutafuta nguo. Amvue mgonjwa nguo zilizolowa, amvike kavu, amfunge miguu, na kichwa pia. Ni kazi ya dakika tano. Na ukiwa nyuma ukasikia baridi imekuzidi, usione haya kumgonga dereva begani na kusema, "Ndugu, simama kidogo." Yeye hajui. Amekwisha kutuambia mwenyewe kwamba hajui.

Dereva yule wa mwezi wa saba alirudi baada ya siku chache kuwachukua mama mzee, mama wa mtoto, na mtoto. Hakuja alfajiri. Alikuja karibu na saa sita ya mchana, jua likiwa kali. Koti lake moja alikuwa amelivaa. Lingine lilikuwa limekunjwa na kufungwa nyuma ya kiti.

Mama mzee alicheka, akasema, "Mwanangu, sasa ni joto!"

Akamjibu, "Najua, mama. Lakini litakaa hapo mpaka mvua zije."

Basi, ndugu dereva, nenda ukaitazame pikipiki yako. Breki ipo? Taa ipo? Na koti la pili, lipo?